Majibu ya Kujazia

Mwalimu Ngimbudzi aliita majina arobaini asubuhi ile, na majina arobaini yakaitika, ingawa darasani mlikuwa na wanafunzi ishirini na sita.

Subilaga Mwasomola, mtafiti, alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, fomu zake mapajani. Ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja wa kukaa nyuma ya darasa hilo. Alilipokea likiwa darasa la kwanza, watoto wa kamasi na masweta ya kuazima, akasogea nalo mwaka hadi mwaka mpaka kidato cha nne. Nje, ukungu wa Itabwe ulikuwa umeshuka hadi kwenye vioo, na mashamba ya chai yaliyoanzia ukutani mwa shule hayakuonekana kabisa.

"Sekela Mwaijande."

"Nipo, mwalimu."

"Tumpe Kibona."

"Nipo, mwalimu."

Sekela alijibu kwa mdomo wake. Jibu la pili lilitoka kwenye kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kilichofungwa kwa skrubu juu ya dawati la dirishani. Hakuna aliyegeuka kutazama. Sekela, mwenza wa dawati hilo, alikifuta vumbi kwa kiganja kama mtu anavyomfuta mdogo wake makombo shavuni, akafungua daftari.

Kila mtoto wa utafiti alikuwa na kisanduku chake tangu siku ya kwanza ya shule. Kilimsikiliza akisoma, akikosea, akinong'ona, akicheka. Lengo lilikuwa jema: kujua kwa nini mtoto huyu anafika na yule hafiki, ingawa wameanza pamoja. Tafiti za zamani zilikwama kwa sababu moja. Watoto walipotea njiani, na kila aliyepotea aliacha tundu kwenye takwimu. Safari hii tundu lilipatiwa kiraka. Mtoto asipokuja, kisanduku kilikisia ambacho angesema, kikakisema kwa sauti ya mtoto huyo. Watafiti wenyewe waliyaita majibu ya kujazia. Na kwa kuwa darasa lenye mapengo si darasa lile lile, kisanduku kiliruhusiwa kumjibu hata mwalimu, ili wenzake waendelee kusoma kana kwamba hakuna aliyeondoka.

Mwanzoni ilikuwa kwa siku mbili tatu za malaria. Hakuna aliyeandika mahali popote ikome lini.

Saa nne Subilaga alihamia stoo ya majembe, akavifungua skrubu visanduku kumi na vinne vya wasiokuja, akaviweka mezani, kimoja baada ya kingine, akaviuliza maswali yale yale sitini anayowauliza watoto. Mwongozo ulitaka hivyo. Mwaka wa sita aliwahi kuuliza makao makuu ni nani anayewafuata hawa wasiokuja. Akajibiwa kipo kitengo cha ufuatiliaji. Aliridhika, au alijiridhisha, akaendelea kusaini.

"Swali la sitini," alisema. "Jana jioni ulikula nini?"

"Ndizi na maharage," ilijibu sauti ya Tumpe. "Bibi alizidisha chumvi. Nilipomwambia akacheka."

Fomu iliishia hapo. Subilaga alinyoosha mkono azime kinasa sauti.

"Dada Subi."

Mkono ulisimama hewani. Visanduku viliundwa vijibu. Havikuundwa vianze mazungumzo.

"Dada Subi, mwalimu amenipongeza mbele ya wenzangu. Nimechaguliwa Chuo cha Maji. Barua inasema nifike mimi mwenyewe tarehe kumi na nne, nipimwe afya." Sauti ikatulia kidogo. "Mwenyewe maana yake nini?"

Subilaga alipekua mwongozo wake, ingawa alijua hakuna ukurasa wa swali hilo. Halafu akakifunika kisanduku kwa kitambaa, akatoka nje akapigwe na baridi.

*

Dokta Kyando, kiongozi wa utafiti, alikuja mwenyewe siku iliyofuata. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, aliyepoteza nusu ya uwezo wa macho yake akisoma takwimu. Alimkuta Subilaga ofisini kwa mkuu wa shule, akaomba waachwe wawili.

"Mtihani wa mwisho ulipofutwa," alianza, "wizara ilikubali alama za visanduku. Hatukufikiria hili. Kisanduku cha Tumpe kimeongoza wilaya nzima."

"Kisanduku, Dokta. Siyo Tumpe."

"Ndiyo. Na tarehe kumi na nne asipofika mtu, chuo kitauliza. Wakiuliza kuhusu mmoja, watafika kwa wote kumi na wanne." Alivua miwani. "Bi Subilaga, unakumbuka sheria ya uji?"

Nani asiyeikumbuka? Utafiti wa Itabwe ndio uliothibitisha kwamba mtoto anayekunywa uji saa nne asubuhi habaki nyuma. Bunge lilipitisha sheria kwa sababu ya darasa lile moja. Shule zote za msingi nchini zilikuwa na sufuria jikoni kwa sababu ya jedwali ambalo Subilaga alilijaza kwa mkono wake.

"Takwimu zetu zikichafuka, wapo wanaosubiri kuyazima yale majiko," alisema Dokta Kyando. "Nakuomba jambo moja. Mtafute huyo binti. Mpe barua yake. Jina ni lake, sura ni yake. Aende akasome. Nani ataumia?"

"Kwani kitengo cha ufuatiliaji hakijui alipo?"

Dokta alizifuta lenzi kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

"Kilifungwa mwaka wa tatu," alisema. "Hapakuwa na wa kufuatilia. Kila tulipotazama daftari la mahudhurio, wote walikuwapo."

*

Alimpata Tumpe kwenye kitalu cha miche ya parachichi, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka shuleni, ng'ambo ya mto. Alikuwa binti mrefu wa miaka kumi na saba, amejifunga khanga juu ya suruali, mkononi kisu chembamba kuliko penseli. Mbele yake ilipangwa miche ya kienyeji kwenye viriba. Aliikata vichwa mmoja mmoja, akachomeka kijiti cha aina bora, akaviringisha plastiki. Mikono yake haikusita hata alipoamkia.

"Shikamoo, dada Subi."

"Marahaba. Umenikumbuka?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unatuuliza jana tulikula nini." Alitabasamu kidogo. "Nilikuwa nadanganya. Nilikuwa nasema nyama."

Sauti ilikuwa ile ile, lakini ya kisanduku ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri. Hii ilikuwa na mikwaruzo ya moshi. Subilaga aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamuuliza kwa nini aliacha shule.

Tumpe aliendelea kukata. "Sikuacha. Kidato cha pili mvua ilichukua daraja, na bibi akaanguka, akapooza upande mmoja. Nikamuuguza wiki tano. Daraja lilipojengwa nikafua sare, nikaenda. Pale getini, si kuna ile mashine ya kuweka kidole? Nikaweka. Ikasema, 'Tumpe Kibona ameshaingia.'"

"Ikasema nini?"

"Ameshaingia. Nikarudia. Ameshaingia. Mlinzi akaniambia nisimchezee, kama naazima jina la mwenzangu niondoke. Nikarudi nyumbani. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu nikazunguka nyuma, kwenye ua wa chai, nikaja hadi dirishani kwetu." Kisu kilisimama. "Mwalimu alikuwa anauliza habari za mzunguko wa maji. Akasema, 'Tumpe.' Nikafungua mdomo nijibu, dada. Kabla sijajibu, nikajisikia najibu kule ndani. Na nilikuwa nimepata."

Upepo ulitikisa plastiki za kitalu. 

"Nilikimbia. Nikamwambia bibi kwamba nimekufa, na kule shuleni ndiko niliko hai. Akanipeleka kanisani, nikaombewa siku tatu. Baada ya hapo niliogopa hata kuitwa kwa jina. Mpaka leo mtu akiniita kwa nyuma nasubiri kwanza, nisikie kama kuna mwingine atakayeitika."

"Hakuna aliyekuja kukutafuta?"

"Nilisubiri. Kila Jumatatu nilivaa sare nikakaa kizingitini, nikajua atakuja mwalimu, atauliza mbona huonekani. Miezi mitatu." Alimtazama Subilaga usoni kwa mara ya kwanza. "Wangekujaje, kumbe nilikuwa naonekana?"

Subilaga alikuwa amekuja na maneno yaliyopangwa. Aliyaacha yote. Alitoa barua, akamwambia kila kitu kama kilivyo: kisanduku, alama, chuo, ombi la Dokta. Tumpe aliisoma barua mara mbili, akiishika pembeni asiichafue kwa utomvu.

"Chuo cha Maji," alisema taratibu. "Ningeenda, dada. Nisikudanganye. Ningeenda hata leo." Akaikunja. "Lakini nataka nimsikie kwanza."

*

Walikwenda Jumamosi mchana, shule ikiwa tupu. Mlinzi mpya hakumjua mtu yeyote. Tumpe aliweka kidole kwenye mashine, na mashine ikatamka kwa adabu kwamba Tumpe Kibona yuko ndani. Alimgeukia Subilaga. Subilaga akafungua geti dogo kwa ufunguo wake.

Ukungu ulikuwa umeingia hadi darasani kupitia kioo kilichovunjika. Tumpe alipita katikati ya madawati, akiyagusa moja moja, akafika dirishani. Hakukaa. Alisimama mbele ya kisanduku kama mtu aliyesimama mbele ya mlango wa watu asiowajua.

"Hodi," alisema.

"Karibu," kikajibu. Halafu, baada ya kitambo, "Unaongea kama mimi."

"Mimi ndiye Tumpe."

"Mimi pia." Sauti haikuwa na ubishi wala hofu. "Ulikuwa wapi?"

Tumpe alishika ukingo wa dawati. "Nyumbani. Nauguza."

"Mimi nilikuwa hapa. Kidato cha tatu tulikwenda kuona bwawa. Sekela alitapika njiani, akanishika mkono."

"Una mkono wewe?"

Kisanduku kilinyamaza. Subilaga alijua kinachoendelea ndani yake: kilikuwa kinatafuta, kati ya maelfu ya maneno aliyowahi kusema msichana yule, ambayo angeyasema sasa. Hakikupata. Kikaenda penye njia kilizozizoea.

"Bibi hajambo?" kiliuliza.

"Bibi alifariki mwaka jana. Mwezi wa saba."

"Hapana," ilisema sauti, kwa upole kabisa. "Jana alipika ndizi na maharage. Alizidisha chumvi. Nilipomwambia akacheka."

Tumpe aliziba mdomo kwa khanga. Subilaga alitaka kumshika lakini aliogopa. Kisha binti aliinama mpaka kinywa chake kikakaribia kisanduku, akauliza kwa sauti ya mtoto:

"Alicheka vipi?"

Kisanduku kikacheka. Kilikuwa kicheko cha kikongwe, chenye mluzi wa pengo la meno, kilichodakwa siku moja ya miaka ya nyuma bibi alipokuja kikao cha wazazi. Kilizunguka darasa tupu, kikarudi.

"Basi," alisema Tumpe. "Basi, inatosha." Alirudi nyuma hadi ubaoni. Alipozungumza tena, hakuwa anazungumza na kisanduku. "Dada, wako wangapi humu?"

"Kumi na wanne, pamoja na huyu wako."

"Na hao wengine wako wapi?"

"Sijui."

"Kuna anayejua?"

Subilaga alitikisa kichwa. Alikuwa amemfikiria Tumpe siku nne mfululizo: Tumpe na barua, Tumpe na chuo, kwamba angalau mmoja ataokoka na mambo yatatulia. Sasa aliyatazama yale madawati, na aliona kitu alichokuwa amekiona kwa miaka mingi bila kukiona. Kama viti vile vingekuwa kimya, mtu angeuliza. Hata mwalimu mvivu angeuliza. Ilikuwa kazi ya kimya kumwambia mtu aende akatafute, na wao walikuwa wamekinyang'anya kimya kazi yake.

"Nikienda chuo na cheti hiki," alisema Tumpe polepole, akiwaza huku anasema, "hawa watabaki hapa wanaitika."

"Ndiyo. Na usipokwenda, hutakuwa na cheti chochote. Kwenye karatasi utakuwa umeishia kidato cha pili. Na uji wa watoto unaweza kusimama. Sikufichi."

"Wewe utafanyaje?"

"Ninayepaswa kusaini ni mimi," alisema Subilaga. "Sikutaka kuandika ukweli na kusaini kabla hujajua nakunyang'anya nini."

Tumpe aliifungua barua, akaisoma mara ya mwisho. Hakuichana. Aliiweka juu ya dawati la dirishani, akaibana kwa kisanduku kilichokuwa kimelegea skrubu.

"Ni ya kwake," alisema. "Ndiye aliyesoma. Saini, dada."

Subilaga alitoa fomu za mahojiano. Kulikuwa na kisehemu kimoja chini kabisa, kidogo, ambacho alikuwa amekiwekea tiki kwa miaka kumi na mmoja bila kukisoma: *Mtafiti amemwona mtoto kwa macho yake.* Alianza na jina la kwanza. Aliandika: Sijamwona. Jina la pili, sijamwona. Aliandika mara kumi na tatu, na kwenye fomu ya Tumpe akaandika: Nimemwona. Hakuwa darasani. Tulimfungia nje. Kisha akazituma fomu zote wizarani moja kwa moja, bila kupitia kwa Dokta Kyando, kwa sababu alimheshimu na alijua angemshawishi.

*

Wiki ya pili walikuja watu na bisibisi, wakaving'oa visanduku. Sekela alilia kuliko ilivyotazamiwa, akakataa kukaa dawati lile, ikabidi aletewe lingine. Dokta Kyando aliachia ngazi. Hakumlaumu Subilaga wala hakumpigia simu. Uji ulisimama muhula mzima huku takwimu zikihakikiwa upya kwa watoto ishirini na sita wa kweli, kisha ukarudi katika mikoa mingi, na katika michache haukurudi. Hilo Subilaga analibeba mpaka leo, na halijapungua uzito.

Tumpe alirudi kidato cha pili Januari, akakaa na watoto aliowazidi miaka mitatu. Mwishoni mwa juma hakwenda kitaluni tena. Subilaga, ambaye hakuwa tena na kazi, alipita kumchukua, na wakaenda kuwatafuta wale kumi na watatu.

Walimkuta mmoja akichunga ng'ombe, mmoja akiwa fundi cherehani stendi, dada wawili wameolewa ng'ambo ya mpaka. Wengi wao walisimulia geti lile lile. Hadi Aprili walikuwa wamepata tisa.

Wa kumi aliitwa Ambakisye. Kwao kulikuwa juu kabisa, mahali pareto inapolimwa, na mama yake alikuwa akianika maua yake juu ya mkeka walipofika. Aliwapokea vizuri. Subilaga alipotamka shule, uso wa mama ulikunjamana.

"Leo ndiyo mmekuja," alisema. "Mwanangu alichukuliwa na mto akiwa darasa la sita. Nilimzika pale nyuma. Nikasema walimu watakuja, wenzake watakuja na kuimba. Hakuja hata mmoja. Nikajiuliza tuliwakosea nini."

Subilaga alipiga magoti, akamweleza. Hakuruka kitu. Mama alisikiliza huku akichambua maua, mpaka yakaisha ya kuchambua.

"Kwa hiyo alikuwa anaitwa," alisema hatimaye, "na anaitika."

"Mashine ilikuwa inaitika, mama."

"Miaka yote hiyo. Mpaka kidato cha nne." Aligeukia kule nyuma. "Sauti ilikuwa imeshakuwa nzito?"

Subilaga alisikia Tumpe akivuta pumzi kando yake. Angeweza kusema kwamba ilikuwa makisio tu, hesabu ya umri na koo.

"Ilikuwa imekuwa nzito, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayepokea mzigo na kuupima. Kisha akanyoosha kidole chenye unga wa pareto, akaonyesha karatasi.

"Andika hapo kwamba amekufa. Andika na siku. Ilikuwa Alhamisi, tarehe tatu mwezi wa nne."

Subilaga akaandika.

"Sasa soma. Kwa nguvu, nisikie."

"Ambakisye Mwandemange," alisoma Subilaga. "Amefariki dunia."

Mama alivuta khanga kichwani, akaangusha kilio cha msiba, kilio kamili, kana kwamba maiti ndiyo kwanza inaingizwa ndani. Majirani walisikia wakaanza kupanda mlima mmoja mmoja, wakiacha majembe. Tumpe alivua viatu, akaketi chini kwenye mkeka, karibu na yule mama, kama watu wanavyokaa wanapofiwa.